Kumwombea Sultani Nyuma ya Duka la Matairi

Ijumaa moja ya Februari, yapata saa saba na nusu mchana, nilisimama juu ya mimbari ya mbao katika chumba cha sala kilicho nyuma ya duka la matairi huko Irving, Texas, nikamwombea ushindi mtawala aliyekufa zaidi ya miaka themanini iliyopita. Nilimwombea kwa sauti nzuri. Nilimwita Sultani wa bara mbili na bahari mbili, mtumishi wa Haram mbili tukufu za Makka na Madina. Nikamwomba Mungu ayape nguvu majeshi yake na audumishe utawala wake. Waumini wapatao arobaini, wengi wao wakiwa na vitambulisho vya kazi vinavyoning'inia shingoni, wakaitikia amina.

Mtu mmoja hakuitikia. Alikuwa mzee wa Kituruki aliyekaa safu ya pili, karibu na mashine ya kupasha joto. Aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyemwona marehemu akishuka kwenye basi.

Kabla ya kuja Marekani nilikuwa mwandishi wa habari Mombasa kwa miaka kumi na mmoja. Nalitaja hilo si kwa kujisifu, bali kwa sababu linaongeza uzito wa kosa. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu anayeandikwa gazetini kuwa yu hai, yu hai kweli.

Ilikuwaje nikapanda mimbari? Khatibu wa siku hiyo alikuwa akitoka Houston, na gari lake likamfia njiani karibu na Corsicana. Saa nne asubuhi akapiga simu kwa wanaokiendesha chumba cha sala, nao wakanipigia mimi. Walinichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ofisi ya mizigo ninakofanya kazi, jirani na uwanja wa ndege, iko dakika saba tu kutoka pale. Ya pili, kwa muda wa miaka kumi na minne nimekuwa nikimdokeza kila aliyekubali kunisikiliza kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa khatibu wa msikiti wa Ijumaa katika mji wetu mdogo, kaskazini ya Malindi. Mtu akijisifu kwa miaka kumi na minne, ipo siku ataambiwa: haya basi, panda.

Tena nilikuwa na hotuba tayari. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alipohamia kwa mwanawe huko Sugar Land, alinipa kitabu cha hotuba cha babu, kilichoandikwa kwa mkono, kikiwa ndani ya foronya. Akaniambia, "Kisome. Kitabu si sahani za wageni." Mimi ni mtu wa utaratibu. Niliona kitabu ni kikuukuu mno kushikwashikwa, nikakipeleka ofisini, na mchana mmoja wakati wa chakula nikakitolea nakala zisizo na rangi kwenye mashine, ukurasa baada ya ukurasa, nusu ya macho kwenye kitabu na nusu mlangoni, nikimchunga bosi. Nakala nikazitoboa na kuzipanga katika faili la plastiki. Kitabu kikarudi kwenye foronya, na foronya juu ya kabati. Hotuba niliyoisoma siku ile niliisoma kutoka kwenye faili.

Lililobaki ni kueleza namna mtu mzima anavyoweza kusoma maneno kwa sauti mbele ya watu bila kujua anasema nini. Kwa sisi wa pwani si jambo gumu. Nilisomeshwa chuoni, chuo cha Kurani, mpaka nikahitimu, maana yake naweza kusoma Kiarabu chochote chenye irabu bila kukosea hata herufi moja na bila kuelewa zaidi ya theluthi. Nilikaa garini kwenye maegesho kwa nusu saa nikinyoosha makhraji, yaani matamshi ya herufi. Nilirekebisha kila 'ayn na kila qaf. Jina la yule mtawala lilipofika, nikalitamka vizuri sana na kuendelea. Nilidhani ni mmoja wa masahaba.

Baada ya sala dereva mmoja wa Kizanzibari alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mashallah, maalim," akasema. "Hotuba ya kizamani hasa." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Mzee wa Kituruki alinisubiri kwenye rafu ya viatu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, anayeishi Irving kwa mwanawe, fundi wa ndege. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, kila neno limepigwa pasi.

"Hojam," akaniita, na kwao maana yake ni mwalimu wangu, "leo asubuhi ulisoma gazeti?"

"Nilisoma kwenye simu."

"La mwaka gani?"

Nikacheka kwa adabu, nikidhani ni mzaha wa Kituruki. Ndipo akanieleza, taratibu, huku akivaa kiatu cha kushoto, kwamba mtu niliyemwombea ushindi wa bara na bahari alikuwa khalifa wa mwisho wa ukoo wa Uthmaniya, kwamba alifia Paris, na kwamba hakuwa na jeshi. Baharini ndiyo kabisa. "Hata mtumbwi," akasema.

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Nina miaka sabini na sita na sijawahi kusikia jina lile likitajwa mimbarini. Nilitaka kuitikia amina. Ila nilichelewa, ulikuwa umeshamaliza." Akavaa kiatu cha kulia. "Unasoma haraka."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Sikujua kwamba yeye, akiwa nyuma ya pazia la wanawake, alikuwa ameirekodi hotuba yote na kuituma kwenye kundi la familia kwenye simu, ikiwa na mioyo sita myekundu. Kwa kuwa ni mtu mkweli, akatuma na kichekesho. Kesho yake asubuhi shangazi akapiga simu kutoka Sugar Land.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umemaliza kutuaibisha?"

"Shangazi, ni bahati mbaya tu. Watu walicheka."

"Najua walicheka. Waliwahi kutucheka kabla hujazaliwa."

Kisha akaniambia jambo ambalo hajapata kuniambia. Alipokuwa msichana wa miaka saba au minane, mfanyabiashara mmoja alirudi mjini kwetu kutoka hija akatangaza kwamba kule Uturuki hakuna Sultani wala khalifa, tena hawapo kwa miaka mingi, na kwamba khatibu wetu anawaombea dua watu waliokwisha. Babu aliendelea na hotuba yake kama kawaida. Watu wazima walinong'ona. Watoto hawakunong'ona. Kisimani wasichana wenzake walimwimbia: khatibu wa maiti, kanzu yake sanda.

"Ulimuuliza babu?"

"Nimuulize baba yangu kama ni mjinga? Ungemuuliza wako? Nina miaka themanini na sita. Nataka kujua kitu kimoja. Baba alikuwa hajui, au alikuwa anajua akakaidi? Akiwa mjinga nitambeba. Akiwa jeuri nitambeba pia. Lakini nataka nijue nabeba nini. Wewe si ulikuwa unaandika magazeti? Haya, andika hili."

Nikanunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nikaandika swali lake kwa wino mweusi na kulipigia mstari. Kisha nikampigia simu yule mwalimu wa Kituruki.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nilitaka kujua mambo mawili tu: yule khalifa alishika cheo lini, na habari zake zingeweza kufika pwani yetu au la. Mwalimu alinikaribisha Jumamosi alasiri kwenye nyumba ya mwanawe, ghorofa ya pili, mahali ambapo kila dakika chache ndege hupita juu ya paa na vijiko hulia. Akanimiminia chai katika kigilasi chenye kiuno chembamba, akasikiliza maswali yangu mawili mpaka mwisho, akafunga macho.

"Kujibu hilo," akasema, "lazima tuanze karne ya kumi na moja."

Nikamwambia kwa upole kwamba historia ya Waturuki ninaifahamu kidogo. Sikumwambia ninaifahamu wapi. Ukweli ni kwamba mke wangu huangalia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, nami hupita sebuleni.

"Unafahamu nini?"

"Kwamba mama wa mfalme ni mtu wa kuogopwa."

Akafikiri. "Si uongo," akasema, na akaanza karne ya kumi na moja.

Jumamosi ile yote ilikuwa ya Waseljuki. Niliandika kurasa nne. Nikiutazama sasa, ukurasa wa kwanza una sentensi moja niliyoipigia mstari mara mbili, kama mtu aliyegundua bara jipya: Waturuki hawakutoka Uturuki. Walitoka mbali, nyika za Asia, wakiwa na farasi na mifugo. Wakaingia Anatolia na kulishinda jeshi la Warumi wa mashariki. Wakajenga shule na nyumba za kupokelea misafara. Kisha Wamongolia wakaja na dola yao ikamegekamegeka. Katika vipande vile kimoja kilikuwa kidogo sana, cha wafugaji wa mpakani, ambao hakuna aliyewaogopa. Hao ndio waliokuja kuwa Uthmaniya.

"Wakapanda moja kwa moja," nikasema, nikijaribu kuharakisha.

"Wakapanda, wakaanguka." Mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, akaeleza, mshindi mwingine kutoka Asia aliwapiga karibu na Ankara, Sultani wao akafia kifungoni, na wanawe wakapigana wao kwa wao kwa miaka kumi. "Wakati huo mtu mwenye akili angesema, imekwisha. Miaka hamsini baadaye waliichukua Konstantinopoli."

"Kwa nini haikwisha?"

Kwa mara ya kwanza alionekana kuridhika na swali langu. Zamani, akasema, ufalme ulijulikana kwa vitu viwili: jina lililo kwenye sarafu na jina linalotajwa kwenye hotuba ya Ijumaa. Mtu akitaka kuasi hakuhitaji kurusha mshale. Aliamuru tu Ijumaa ile jina lisitajwe. Mji mzima ulielewa. "Kwa hiyo khatibu si mtu mdogo," akasema, akinitazama mimi, khatibu wa nyuma ya duka la matairi. Nikanywa chai.

Jumamosi ya pili mji wa Konstantinopoli ulitekwa yapata saa kumi alasiri, wakati mkwewe akileta mkate wa jibini uliokunjwakunjwa. Kufikia saa kumi na moja tulikuwa tumeichukua Misri, na pamoja nayo ulinzi wa Makka na Madina. Nasema tulikuwa kwa sababu nilishaanza kujihesabu. Alipofika kwenye manahodha wa Uthmaniya waliotumwa Bahari ya Hindi kupambana na Wareno, nilishindwa kujizuia.

"Mmoja alikuja kwetu," nikasema. "Mombasa. Tulimpokea vizuri sana."

"Alikuja," mwalimu akakubali. "Akakamatwa na Wareno."

"Sisi tulimpokea vizuri."

"Wareno nao walimpokea. Walimchukua mpaka kwao, hakurudi tena." Akanisukumia sahani. "Hojam, niambie kitu. Pwani yenu hatukuwahi kuitawala. Mlikuwa na Sultani wenu Zanzibar, kisha mkawa na Waingereza. Kwa nini mlituombea?"

Swali hilo lilikuwa halali, nami sikuwa na jibu la kitabu. Nikamwambia nilivyoelewa: kwa wazee wetu yule hakuwa mtawala wa nchi, alikuwa mlinzi wa Makka, na mtu alitaka kujua kwamba mahali fulani yupo. Hatukumdai chochote.

"Mlijua kwamba hatuwajui?"

"Tulijua. Tuliwaombea tu."

Akaondoka mezani akaenda kusimama dirishani kwa muda, mpaka ndege mbili zikapita. Nikaandika kwenye daftari: saa kumi na moja na dakika ishirini, mwalimu amenyamaza. Sijui niliandika kwa faida ya nani.

Jumamosi ya tatu dola ilianguka. Haikuanguka kwa kishindo. Mwalimu aliiangusha jimbo kwa jimbo, kwa masikitiko na kwa ukamilifu: Ugiriki, Misri, nchi za Balkani, Libya, mwishowe Bara Arabu na Makka yenyewe, baada ya kuingia vita kuu upande wa Wajerumani. Istanbul ikakaliwa na majeshi ya kigeni. Mwaka 1922 bunge jipya la Ankara likaufuta usultani, na Sultani wa mwisho akatoka kwa mlango wa nyuma, akapanda meli ya Waingereza. Jamaa yake akateuliwa kuwa khalifa peke yake, khalifa bila ufalme. Alikuwa mtu mpole aliyependa kuchora picha. Mwezi wa Machi 1924 ukhalifa nao ukafutwa, akapandishwa treni na jamaa zake, asirudi.

"Huyo ndiye uliyemwombea," mwalimu akasema.

Nikahesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena kwenye daftari. Kutoka kuteuliwa kwake mpaka treni haikufika mwaka mmoja na nusu. Na jina lake ndilo lililo kwenye kitabu cha babu. Nikapiga meza. Mtu ambaye aliweza kupata jina la khalifa aliyekaa muda mfupi namna ile, tena katika mji mdogo usio na gazeti, hakuwa mtu aliyekosa habari. Babu alikuwa akizifuatilia kwa ukaribu kuliko mimi nilivyofuatilia chochote. Kama alijua khalifa wa mwisho ameteuliwa, basi alijua ameondolewa. Alijua, akakaidi.

"Labda," akasema mwalimu.

Nilipokuwa chipukizi kwenye chumba cha habari, mhariri wangu alikuwa na kanuni kwamba neno labda ni mlango uliofungwa, gonga mara ya pili. Mimi siku ile nililisikia kama ndiyo. Sikusubiri hata kufika nyumbani. Nilimpigia shangazi nikiwa bado kwenye maegesho.

"Alikuwa anajua," nikamwambia. Nikampangia ushahidi, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nikamsikia akimwambia mtu azime televisheni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo hakuwa mjinga."

"Hakuwa mjinga, shangazi."

Jioni hiyo alituma kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sikuwahi kumsikia akizungumza vile. Aliwataja kwa sifa wazee ambao hakuna aliyewakumbuka. Alisema baba yake alikuwa mtu wa msimamo, alijua dunia imegeuka na hakutaka mimbari yake igeuke nayo, na kwamba jambo hili limethibitishwa na mwandishi wa habari. Pongezi zikaja kutoka Mombasa, Muscat na London. Binamu ambaye hatujasemeshana tangu harusi fulani akaniandikia kwamba nimeiheshimisha familia. Mke wangu akanitazama kwa muda nikisoma pongezi hizo, akauliza, "Na umeshaki-check kitabu chenyewe?"

"Nakala zipo."

"Nimeuliza kitabu."

Likawa ndilo swali la mwalimu pia. Alinipigia simu katikati ya juma akasema nakala ni nakala, yeye anataka kuiona karatasi. Basi Jumamosi ya nne nikashusha foronya kabatini. Mwalimu alinawa mikono, akaikausha vizuri, akafungua ukurasa wa dua na kuupeleka dirishani.

Akageuza ukurasa na kupitisha kidole nyuma ya karatasi, polepole, mahali jina lilipo.

"Gusa," akasema.

Nikagusa. Maandishi mengine yote ya kitabu yalikuwa laini kwa nyuma, kwa kuwa yaliandikwa kwa kalamu ya tete na wino mweusi. Kwenye jina kulikuwa na vijituta, kama karatasi imekandamizwa kwa nguvu kutoka mbele. Nikageuza. Jina lilikuwa la buluu. Ile rangi niliwahi kuiona, naapa, siku ile ya kutoa nakala, na jicho langu likaipita likimtafuta bosi.

"Hii ni kalamu ya biro," mwalimu akasema.

Nilijua maana yake kabla hajamaliza. Kalamu za biro hazikuwapo 1924. Kwetu zilifika baada ya vita vya pili, wakati ambapo yule khalifa alikuwa ameshakufa. Mwenye kuandika jina lile aliliandika miaka ishirini na zaidi baada ya treni, si katika ule mwaka mmoja na nusu nilioupigia meza.

Mwalimu akainua ukurasa tena kwenye mwanga. Pale jina lilipokaa karatasi ilikuwa nyembamba kuliko kwingine, karibu ya kuona upande wa pili. Akanieleza kwamba imekwanguliwa kwa kisu, si mara moja. Kila Sultani mpya alipotawazwa, khatibu alikwangua jina la zamani na kuandika jipya juu yake. Chini ya ile buluu yalikuwapo majina mawili, pengine matatu, ya watu waliowahi kutawala kutoka Yemen mpaka Danube, na sasa yalikuwa vumbi jeusi kwenye nyuzi za karatasi.

"Unaweza kusoma lililokuwa la mwisho kabla ya biro?"

"Hapana. Hakuna anayeweza." Akakifunga kitabu. Kisha, kwa sababu ni mtu mwema, akasema, "Nilisema labda."

Kutoka Irving mpaka Sugar Land ni mwendo wa saa nne ukiwa na bahati. Nilikwenda Jumapili. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kutoa masahihisho kama nilivyofanya mazoezi ya hotuba, nikirekebisha kila neno, na nilipopita Corsicana nilimkumbuka khatibu ambaye, kama gari lake lisingemfia, mimi ningekuwa nyumbani.

Shangazi alikuwa sebuleni kwa mwanawe, amejifunga leso, kitini kwake karibu na mlango wa kioo. Aliiona foronya kwanza.

"Umekuja kunirudishia kitabu au habari?"

"Vyote viwili."

Nikamwambia. Nilimwonyesha ile buluu. Nikamweleza kwamba ushahidi wangu umevunjika, kwamba hatujui jina gani lilikuwamo zamani, na kwamba kwa hiyo hatujui babu alijua nini. Nilisema samahani mara tatu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na mtu aliyeandika hii biro," akauliza, "kwani aliandika ili iweje?"

"Ili babu asome, nadhani. Mimbarini."

"Baba yangu asome?" Akanitazama kama vile mwalimu alivyonitazama Ijumaa ile. "Baba alikuwa haoni."

"Haoni namna gani?"

"Haoni, mwanangu. Mtoto wa jicho. Tangu mimi nina miaka sita nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni. Alishika kitabu mimbarini kwa sababu khatibu hushika kitabu. Hotuba ilikuwa kichwani."

Kwetu tulikuzwa tukiambiwa kwamba babu alihutubu bila kutazama kitabu. Mimi nililichukua kama ushahidi wa elimu.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza habari za Uturuki."

Nilitoa daftari, kwa kuwa sikujua mikono niiweke wapi. Nikaanza upya, kwa utaratibu. Alilitaja jina gani mimbarini? Hajui, wanawake wa kwetu hawakwenda msikiti wa Ijumaa, na hotuba ya kwanza kuisikia kwa masikio yake aliisikia hapa Texas, uzeeni. Nani aliyeisikia? Wote wamekufa. Biro nyumbani mlikuwa nayo? Moja tu, ya kaka yake, yaani baba yangu mimi, aliyekuwa karani wa forodha. Ni yeye aliyeandika? Alivuta kitabu karibu na pua, akatazama sana.

"Si hati ya baba. Na si ya baba yako. Yake ilikuwa imelala."

Hilo la pili nilikuja kulihakiki. Nina barua za baba, na nimezilinganisha herufi kwa herufi. Si yake.

"Nani mwingine nyumbani aliyejua kuandika?"

"Hakuna," akasema. "Sisi wasichana tulifundishwa kusoma tu. Kuandika hatukufundishwa."

Alinijibu upesi kuliko alivyojibu maswali mengine yote. Niliandika jibu, na nikaandika pia kwamba lilikuja upesi. Mwandishi mwenye uti wa mgongo angeuliza swali linalofuata. Mimi niliuliza kama nimletee chai.

Alikaa na kitabu mapajani, kidole chake nyuma ya ule ukurasa, kikipanda na kushuka kwenye vijituta herufi kwa herufi, kama kinachoandika. Baada ya muda nikatoa simu nikamwambia kwamba nitaandika masahihisho kwenye kundi, mafupi tu, ili watu wasiendelee kuamini jambo lisilo na uthibitisho.

"Weka simu," akasema.

"Lakini shangazi, tumewaambia alikuwa anajua."

"Na wewe unajua kwamba hakujua?"

"Hapana."

"Basi unasahihisha nini?"

Niliirudisha simu mfukoni. Hayo yalikuwa mwezi wa Machi. Kitabu kiko Sugar Land, masahihisho hayajatolewa, na ule ujumbe wa dakika nne bado watu wanaupeleka kwa watu. Mwalimu ameniuliza mara mbili kama nimempata aliyeandika, nami nimemjibu kwamba bado nachunguza. Ninachokijua kwa hakika ni hiki: miaka ishirini na zaidi baada ya ukhalifa kufutwa, mtu fulani katika nyumba ya babu alikwangua jina kwenye kitabu cha kipofu, akaandika jingine juu yake, tena kwa kukandamiza. Kwa nini alifanya hivyo, na alikwangua jina la nani, sijui.